Zawadi Iliyomdai Mama Mkwe

Nianze na ukweli wenyewe: nina aibu. Hata leo nikienda Nyacheki kwa wakwe zangu, nimebeba mkate na sukari tu kama mtu mwingine yeyote, lazima atokee mtu pale njiani, mzee fulani au mama anayerudi kuchuma majani chai, anitazame mkononi halafu aniulize kwa sauti ya upole kabisa, "Omoko, na hiyo imelipiwa yote?" Nami hucheka, kwa sababu nisipocheka nitalia. (Omoko kwa Kikisii ni mkwe, na mimi huko sina jina jingine, hata watoto wa nasari wananiita hivyo.) Kwa hivyo kaeni niwaambie ilivyokuwa, ili mkisikia kwa wengine mjue walichoongeza.

Mimi ni Ombati, nina saiba hapa Nyakoe, kachumba kadogo kenye kompyuta chache na printa inayokohoa. Watu huja niwajazie maombi ya chuo, niwachapishie programu za mazishi, niwatafutie vitu vya kununua mtandaoni, na kila mwaka, sikilizeni vizuri hapa, niwajazie ripoti zao za kodi. Ndiyo. Kodi. Mwalimu mzima anaketi mbele yangu na kofia mapajani, nami nimeegemea kiti kama mkurugenzi, namwambia, "Mwalimu, hizi ni zako, na hapa ndipo serikali inakata," naye anatikisa kichwa na kunishukuru. Mkishaelewa hapo mtaelewa pia kwa nini nasema Mungu naye ana utani wake.

Mke wangu ni Moraa, na kwa kuwa yeye ndiye kifungua mimba kwao, mama yake anaitwa Mama Moraa. Huyo mama ni mjane, mfupi, mkimya, mkulima wa chai, na sijawahi kumwogopa binadamu kama ninavyomwogopa yeye. Si kwamba ni mkali, sijamsikia akipaza sauti hata siku moja, lakini akifika kituo cha majani na kikapu chake mgongoni, wanaume waliokuwa wakigombana juu ya mizani hunyamaza wenyewe, wakampisha, na hakuna aliyewaambia. Na juu ya hofu yangu kuna desturi. Sisi Wakisii, kati ya mtu na mama mkwe wake, tuna kitu kinaitwa ensoni, ile aibu ya heshima: humpi mkono, huingii jikoni mwake, humkodolei macho, na ukiwa na neno zito au kitu cha kumpa unapitishia kwa mtu. Mtu huyo ni esigani, mshenga aliyewaunganisha. Wetu ni Mzee Nyamweya, jirani ya mama mkwe, mtu mwema sana ambaye Mungu alimnyima kitu kimoja tu, uwezo wa kunong'ona. Vijana wengi siku hizi wameyaacha hayo, wanakumbatia wakwe zao hadharani kama timu iliyofunga bao, lakini mimi nililelewa na nyanya yangu, na nyanya yangu hakuwa na mchezo.

Sasa kodiani. Kodiani ni kile kinanda cha kukumbatia kifuani, unavuta kinapumua, unakunja kinapumua, vidole vinatembea pembeni. Mama Moraa alifundishwa akiwa msichana, akakipiga kanisani miaka na miaka, mpaka panya walipokula ngozi ya yale mapafu yake (kiliwekwa darini juu ya mahindi, na panya hawajui kitu kitakatifu ni kipi). Baada ya hapo hakupiga tena. Kanisa lenyewe la mabati likazeeka, waumini wakajenga jipya la mawe, na siku ya kuliweka wakfu ikapangwa iwe Sabato, maana sisi ni Wasabato.

Tulikuwa tunachambua chinsaga, mimi na Moraa, aliposema, "Mama amesema jambo. Hajaomba, amesema tu."

"Jambo gani?"

"Kwamba vidole vyake vimeanza kukaza. Kwamba angependa kuvipeleka katika lile kanisa jipya mara moja, vipige, kabla havijakataa kabisa."

Niliweka mboga chini. Mama mkwe hakuwa mtu wa kusema anataka nini. Ukimletea anashukuru, usipomletea hakumbuki. Nikauliza, "Alisema hivyo kweli?"

"Alisema akiangalia kwingine," Moraa akajibu, na macho yake yakaanza kulengalenga.

Basi mimi ni mtu wa mtandao. Nikaingia katika lile soko kubwa ambalo watu wa dunia nzima huuziana vitu, na jamani, hata kama nimefanya kazi hii siku nyingi, bado hunishangaza. Unaketi Nyakoe, mvua inapiga mabati, jirani anachinja kuku, na wewe unazungumza na mtu ambaye huwezi hata kutamka jina la mji wake, anakuonyesha kodiani. Kodiani nyekundu! Imeng'arishwa, funguo nyeupe, mikanda ya ngozi, na bei ambayo nilipoiona nilidhani macho yamenidanganya. Hapa mjini nilikuwa nimeulizia, nikatajiwa bei ya kunifukuza. Nikabonyeza upesi kabla mwingine hajainyakua.

Moraa alikuwa ameinama nyuma ya bega langu. "Hapo chini kuna maandishi madogo," akasema.

"Hayo ni ya mawakili," nikamwambia. "Kila kitu kina maandishi madogo. Hata pakiti ya kiberiti."

Halafu nikafika pale wanapouliza namba ya simu ya anayepokea, na hapo ndipo nilipofanya lile jambo dogo lililozaa mengine yote. Nikafikiria: mimi siwezi kumpa mama mkwe kitu mkononi. Nikimtuma Mzee Nyamweya, atatangaza tangu sokoni Nyamache. Lakini hawa watu wa mizigo, wao si watu wa nyumbani, hawana ensoni na mtu, watampigia simu mama mwenyewe, watamwambia "Mama, una mzigo wako," na atapokea zawadi yangu mkononi bila mimi kuwepo hata katikati. Nilikuwa nimepata esigani wa kisasa! Nikaandika jina lake, nikaandika namba yake, nikalipa, nikajipongeza kwa soda.

Na ningenyamaza hapo. Lakini mdomo huu. Sabato iliyofuata nilimnong'oneza Mzee Nyamweya (mimi nilinong'ona, yeye hapana) kwamba awaambie wazee wa kanisa wamweke Mama Moraa kwenye programu, afungue ibada kwa kodiani, kwa sababu mkwe wake ameagiza mpya kutoka ng'ambo na kila kitu kimelipwa. "KILA KITU KIMELIPWA?" akauliza mzee, na kanisa zima likageuka. "Kila kitu," nikasema, nikanyoosha tai. Vijana walikuwa wamepanga kuleta kinanda cha umeme kutoka mjini, wakaambiwa wakiweke akiba, kwanza tumsikie mama.

Siku zikaenda. Kwenye simu nilikuwa naona mzigo wetu ukitembea, kadoa kadogo kanaruka kutoka nchi hadi nchi, kanalala mahali, kanaamka, na mimi nilikuwa nawaonyesha wateja kadoa hako kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto. Moraa alienda kwao akarudi akiwa mnyonge kidogo. Aliniambia kwamba alimkuta mama yake mezani peke yake, chai imepoa, vidole vyake vinatembea kwenye ukingo wa meza, vinapanda, vinashuka, na kidole kimoja cha mkono wa kulia hakikunjiki, kimesimama tu. Alipomwona Moraa akaanza kufuta meza.

Hapo ndipo nilipojua kwamba jambo hili si mchezo.

Ijumaa ikafika, siku ya maandalio. Kwetu Sabato huanza jua likizama, na likishazama hakuna kununua, hakuna kuuza, hakuna kulipa, kwa hivyo chakula chote cha wageni kilikuwa kinapikwa siku hiyo nyumbani kwa mama mkwe. Ua ulijaa watu. Akina mama wanamenya ndizi, wanaume wanapanga viti, wazee wa kanisa wanajadili nani atakata utepe. Mimi nilikuwa nimevaa suti (suti, Ijumaa, penye maganda ya ndizi), kwa sababu kadoa kalikuwa kameonyesha kwamba mzigo umeondoka Kisii mjini asubuhi, na nilitaka nionekane vizuri utakapofika.

Pikapu ikaingia. Akashuka dada mmoja mwenye koti la kampuni, akauliza, "Mama Moraa ni nani?"

Mama mkwe akafuta mikono kwenye leso, akasogea mbele. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu, nangoja kusifiwa.

"Mama, mzigo ni wako," dada akasema, "lakini kabla sijaushusha kuna kodi. Hukupata meseji?"

Mama mkwe akatoa simu yake mfukoni. Hakuwa na miwani. Na katika watu wote wa Nyacheki, ndugu zangu, katika wote waliojua kusoma pale uani, simu ile akampa Mzee Nyamweya.

Mzee akanyoosha mkono, akaishika mbali, akasafisha koo. "MPENDWA MTEJA. MZIGO WAKO UMEFIKA. UNADAIWA USHURU WA FORODHA, KODI YA ONGEZEKO LA THAMANI, NA ADA YA KUSHUGHULIKIA MZIGO. TAFADHALI LIPA ILI UPEWE." Kisha akasoma kiasi. Kilikuwa kama nusu ya bei ya kodiani yenyewe. Halafu akakisoma tena, kwa faida ya walio nyuma.

Sijui kama mmewahi kusikia watu wengi wakiacha kumenya ndizi kwa pamoja.

Bibi mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akauliza, "Omoko ameleta nini?"

"Ameleta deni," mwenzake akamjibu.

"Yaye!" akasema bibi. "Ni kama kuletewa ng'ombe wa mahari, na aliyemuuza amesimama langoni anangoja pesa zake."

Nikajitokeza mbele. "Hapana, hapana, kuna makosa. Mimi nililipa! Nina risiti!" Nikamsukumia yule dada simu usoni.

Aliitazama vizuri, hakuwa na haraka. "Ni kweli, kaka, ulimlipa muuzaji. Lakini huyu wako hakukata kodi, aliandika hapa chini kwamba bei haina kodi. Lile soko lilikukutanisha naye tu. Sasa kodi inakatwa hapa, kwa anayepokea."

"Basi anayepokea ni mimi!"

"Jina ni la mama. Namba ni ya mama. Sistimu inamdai mama."

Kutoka upande wa viti mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu kabisa, akauliza kwa mshangao wa kweli, bila ubaya wowote, "Lakini Ombati, si wewe ndiye hutujazia kodi?"

Weee! Watu walicheka mpaka mbwa akabweka. Kuna mtu alishika mti. Nilitamani ardhi ya Nyacheki ipasuke inimeze na suti yangu. Nikafungua simu nilipe haraka yaishe, ikaniambia salio halitoshi, na nilijua halitoshi, kwa sababu nilikuwa nimelimaliza kwa kodiani hiyo hiyo na mchele wa wageni. Nikamwomba dada aniachie mzigo nitalipa Jumapili. Akasema hawezi, bila kodi kulipwa unarudi stoo Kisii hadi wiki ijayo, na yeye lazima aondoke. Mzee mmoja wa kanisa akatazama jua, lilikuwa limeshaanza kuegemea mlima, akasema taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunja chombo, "Basi tuwaambie vijana walete kile cha umeme?"

Hapo nilimtazama mama mkwe. Nilisahau ensoni, nikamtazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amesimama akiangalia lile boksi nyuma ya pikapu, mikono imeshuka, na vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinafinyafinya kile kidole cha kulia kisichokunjika. Kucheka kwa watu kukawa si kitu. Nilichoona ni kwamba huyu mama, ambaye maisha yake yote ametaka jambo moja na kulisema mara moja akiangalia kwingine, alikuwa analipoteza mbele ya watu, kwa sababu yangu.

Nikaamua kumpigia rafiki yangu wa Nyamira aniokoe. Lakini pale uani mtandao ulikuwa unakuja na kwenda, unashika vizuri nyuma ya nyumba tu, chini ya mparachichi. Njia ya kuzunguka ilikuwa imezibwa na meza na masufuria. Jiko la mama mkwe lina milango miwili, mmoja huku na mwingine unatokea kule kwenye mparachichi, na yote ilikuwa wazi. Nikajiambia, pita mbio, macho chini, hakuna atakayejua. Haraka haraka, mnajua wenyewe haina nini.

Nikaingia mbio, simu sikioni, inaita. Kutoka kwenye jua hadi moshi sikuona kitu. Mguu wa kushoto ukaingia katika beseni la ndizi zilizomenywa, maji yakaruka, mguu wa kulia ukafuata ganda, nikaenda juu, nikaja chini, na simu ikanitoka, ikatua ndani ya sufuria ya maharagwe yaliyokuwa yameepuliwa. Na mle ndani ya maharagwe, ndugu zangu, sauti ya rafiki yangu ikasikika wazi kabisa: "Haloo? Ombati? Unasema?" Kisha ikazama.

Wanawake wawili waliokuwa mle walipiga yowe, si kwa sababu nimeanguka, bali kwa sababu ya pale nilipoangukia. Miguuni pa mama mkwe. Kumbe alikuwa ameingia kabla yangu, amesimama pembeni, kifuniko cha debe la unga mkono mmoja, na mkono mwingine fundo la kitambaa lililotoa vumbi jeupe la unga. Nilikuwa nimeingia jikoni mwake, nimekanyaga chakula cha Sabato, na nimeona mahali anapoficha pesa zake, yote kwa pumzi moja. Sikuwa na mbele wala nyuma. Nikafumba macho nikangoja.

Kitu kikanishika mkono. Mkono mdogo, mgumu, wenye sugu za kuchuma chai, ukanivuta juu. Nilipofumbua macho nilikuta ni wake.

"Ombati," akasema. Miaka yote ile hakuwahi kulitaja jina langu. "Simama."

Nikasimama, maji ya ndizi yananichuruzika kwenye suruali.

"Mama, tafadhali, hizo usizitoe, hizo ni za..." Nilijua ni za nini, Moraa alikuwa ameniambia. Ni bonasi ya chai aliyoiweka ya kurekebisha paa.

"Najua ni za nini," akasema, bado ananitazama, na mimi nilishindwa kuangalia kando. "Majani yangu hukatwa kabla sijaona shilingi. Wanakata ya mbolea, wanakata ya usafiri. Hakuna kitu hufika nyumbani kikiwa kizima. Wewe umeileta mpaka langoni. Kuivusha lango ni kazi yangu."

Akaniachilia mkono, akatoka. Wale wanawake walinitazama kana kwamba nimepigwa na radi na bado napumua. Na kweli ndivyo nilivyohisi.

Nilipofika mlangoni nilimwona anafungua lile fundo mbele ya watu wote, bila haraka, bila aibu, anamhesabia dada wa mizigo. Hakuna aliyecheka. Dada akapokea, akalipa kwa simu yake, tukangoja jibu, wote tumeinua nyuso tunaliangalia jua kama watu wanaombembeleza mtoto asilale. Meseji ikaingia. Mzee Nyamweya akaisoma, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliisoma kwa sauti ndogo. "Imelipwa."

Boksi likashushwa. Wakalikata, wakatoa makaratasi, na kodiani ikatoka, nyekundu, jua la mwisho likaipiga ikawaka pale uani hata watoto wakarudi nyuma. Mtu akasema, "Piga mama, kidogo tu." Akatikisa kichwa. Akaifunga katika leso yake, akasema sauti yake ya kwanza itatokea kanisani, na akaenda kuendelea na ndizi (zile nilizokanyaga ziliwekewa ng'ombe, mtu asiwadanganye).

Asubuhi ya Sabato kanisa jipya lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mimi nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, nimevaa suruali ya kuazima. Lile kanisa lilikuwa bado linanuka saruji. Wakamwita. Akaenda na kiti chake kidogo cha jikoni, akaketi, akavaa mikanda, na kodiani ilivyo kubwa na yeye alivyo mfupi, uliona kichwa tu na viatu.

Akavuta. Ikatoka sauti mbaya, mguno, kama ng'ombe aliyeamshwa. Kijana mmoja akatazama kile kinanda cha umeme pembeni. Mama mkwe akasimamisha mikono. Akafumba macho, akakaa hivyo. Mimi niliomba, na sikuomba kwa maneno.

Kisha akavuta tena, na wimbo ukaja.

Sina ujuzi wa kueleza muziki. Naweza kusema tu kwamba nywele zilinisimama, kwamba yale mawe tuliyoyabeba kutoka mtoni yalianza kuimba, na kwamba yule mwanamke niliyemwogopa kwa sababu ya ukimya wake, kumbe hakuwa mkimya, alikuwa anangoja. Wazee waliomsikia akiwa msichana walikuwa wanalia waziwazi, hawajifuti. Na kulikuwa na mahali, kila wimbo ulipozunguka ukafika pale, palipokuwa na pengo, kwa sababu kidole kile hakikufika. Mara ya kwanza pengo likapita tupu. Mara ya pili bibi mmoja wa mbele akaijaza ile noti kwa sauti yake. Mara ya tatu kanisa zima likaijaza, tukamshikia, naye akaendelea bila kufumbua macho. Nimeona mambo mengi kwenye ile kompyuta yangu, nimeona dunia nzima inapita, lakini kitu kikubwa kama kile sijawahi kukiona.

Baada ya ibada Mzee Nyamweya alinivuta kando ya ukuta, sauti yake ikiwa imepona. "WAZEE WANASEMA ZAMANI MAMBO YA JIKONI YALIMALIZWA KWA FAINI YA MBUZI."

"Na mama anasemaje?" nikauliza, roho juu.

"Anasema hapana. Anasema mbuzi naye utamwagiza mtandaoni."

Basi ndiyo hivyo. Nimeapa, na nimeapa mbele ya Moraa: maandishi madogo nayasoma kwanza, yote, mpaka yale ya kodi, na mteja akiniharakisha namwambia aende kwa saiba nyingine akaharibikiwe huko. Na sitaandika tena jina la mtu mwingine juu ya mzigo wa zawadi yangu. Nikitaka kumpa mtu kitu, kitakuja kwangu kwanza, kinidai mimi, kiniaibishe mimi nikiwa peke yangu na mlango umefungwa.

Nilipopata pesa nilizikunja vizuri katika bahasha, ile kodi yote na za maharagwe juu yake, nikampa Mzee Nyamweya ampelekee. Akarudi nayo haijafunguliwa.

"Amekataa," akasema. "Amesema, mwambie omoko kodi hailipwi mara mbili. Na Sabato aache kujificha kule nyuma, aje akae mbele. Kidole cha pili kimeanza kukataa, anahitaji sauti."

Mimi siimbi, mnajua nyote, nyanya yangu aliniambia nifungue mdomo tu watu wadhani. Lakini kila Sabato tukienda Nyacheki nakaa mbele, na ikifika pale penye pengo, naimba.